Mahindi Katika Uwanja wa Ndama

Mama mkwe wangu alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kuona ardhi iko wazi akanyamaza. Siku aliyofika Kitengela kutoka kwetu magharibi, kuja kutusaidia kumlea kitinda mimba wetu, alisimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi, akatazama uwanja uliokuwa mbele ya nyumba yetu. Ulikuwa mpana, umejaa nyasi za rangi ya mkate, na mgunga mmoja umesimama upande wa juu.

"Hii yote ni ya nani?" akaniuliza.

"Ni ya watu, Mama."

"Na hao watu wamekufa?"

Nilicheka mpaka nikamwamsha mtoto. Mama mkwe hakucheka. Alikunywa chai yake polepole huku akiupima ule uwanja kwa macho, na mimi nikarudi jikoni kuendelea na shughuli zangu.

Tulikuwa tumehamia huko katikati ya miaka ya tisini, wakati Kitengela ilikuwa bado na upepo mwingi kuliko nyumba. Mume wangu alikuwa fundi wa umeme katika kiwanda kimoja cha Athi River, mimi nikifundisha shule ya msingi. Majirani zetu wengi walikuwa kama sisi: watu wa mshahara, wa kanisa Jumapili na basi la alfajiri Jumatatu, waliozaliwa kule ambako mvua hunyesha kila alasiri bila kuombwa. Hapa mvua ilikuja ilipotaka. Ikija, udongo mweusi uling'ang'ania viatu hadi mtu akarefuka, na ikiondoka, udongo huohuo ulipasuka nyufa za kumeza mpira wa tenisi. Punda milia walipita nyuma ya choo chetu asubuhi, na mwezi wa kwanza nilikuwa nikiwaita watoto waje waone. Mwezi wa tatu nilikuwa nikiwafukuza punda hao wasile nguo zangu kwenye kamba.

Ploti zetu zote zilikatwa kutoka shamba la familia moja ya Wamaasai. Mzee mwenyewe alikuwa amefariki na kuzikwa hapohapo, kando ya uwanja. Mjane wake tulimwita Koko, yaani nyanya, kama walivyomwita wajukuu wake. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye kicheko cha ghafla, na Kiswahili chake kilikuwa kichache lakini kilitosha kumtania mtu.

Uwanja ule ulikuwa wake, na haukuwa wazi kwa bahati mbaya kama mama mkwe alivyodhani. Kila boma la wafugaji huwa na kipande kama hicho karibu na nyumba, nao hukiita olokeri. Ng'ombe wakubwa hawakanyagi. Nyasi huachwa zikue kwa ajili ya ndama na ng'ombe wagonjwa, wale ambao hawawezi kwenda malisho ya mbali. Asubuhi ndama wa Koko walikula hapo. Alasiri watoto wa mtaa wetu walicheza mpira hapo, na Koko hakuwahi kumfukuza hata mmoja. Nilipomwomba msamaha kwa ajili ya kelele zao, alisema watoto pia hawawezi kwenda mbali.

Basi huo ndio uliokuwa uwanja wetu, ingawa haukuwa wetu. Uwanja wa umma tuliouziwa pamoja na ploti ulikuwa kwenye ramani tu. Niliuona kwa macho yangu siku ya kununua, umepakwa rangi ya kijani kibichi. Tulipohamia tukautafuta ardhini, tulikuta baa yenye vyumba vya kulala, na mwenyewe anatusalimia kwa adabu sana na kutukaribisha soda.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili ukame ulikuja na ukakaa. Wana wa Koko waliamua kwamba ng'ombe hawana maisha tena Kitengela. Wangehamia Mashuuru, ambako bado walikuwa na ndugu na nyasi, na olokeri, kipande cha mwisho cha baba yao ukiacha boma la Koko na kaburi, kingeuzwa. Mnunuzi alikuwa tayari. Alikuwa mtu wa kujenga nyumba za kuuza, mwenye shati jeupe lisiloshika vumbi, jambo ambalo hata leo sijui aliliwezaje. Alitembea na ramani zilizokunjwa chini ya kwapa, nasi tukampa jina la Bwana Ramani.

Ili abadilishe matumizi ya ardhi kutoka ufugaji hadi nyumba, ilimbidi majirani wasipinge. Kwa hiyo alikuja kwetu mwenyewe, Jumapili baada ya ibada, katika kanisa letu la mabati. Akatandika ramani juu ya meza ya sadaka. Upande wa chini, ulio karibu na barabara, angejenga nyumba. Upande wa juu, wenye mgunga, angeuzungushia ua na kuukabidhi kwa kaunsili, baraza la serikali ya mitaa, uwe uwanja wa umma milele.

"Mimi napata nyumba, nyinyi mnapata park," akasema. "Kila mtu anaenda nyumbani akiwa ameshiba."

Hapo ndipo kazi ilipoanza, maana watu wa mtaa wetu walipenda mkutano kuliko chakula. Mwenyekiti wetu, mzee mstaafu wa reli aliyeendesha kila kikao kana kwamba kuna treni inachelewa, alipendekeza tufanye harambee tununue uwanja wote wenyewe. Nilisikia mabati yakigongwa na upepo, na nikaona watu wazima wakikagua viatu vyao.

Mimi nikasimama kupinga. Nilisema uwanja wa umma ni kazi ya serikali, na tukianza kuomba viwanja kwa wauza nyumba, kesho tutaomba hospitali kwa wauza majeneza. Nikasema twende tukae nje ya ofisi ya kaunsili mpaka watununulie.

"Kaunsili gani, Mwalimu?" sauti ikatoka nyuma. "Ile ilitupatia baa?"

Kanisa likaangua kicheko, na mimi pia, ingawa nilikuwa nimeudhika. Kisha nani akasimama kunijibu? Mume wangu mwenyewe, mtu ambaye nyumbani huwezi kumtoa maneno matatu.

"Mimi nasema tukubali," akasema. "Nusu iko na ua na geti ni afadhali. Hiyo nzima ya Mwalimu iko tu kwa mdomo."

Nilimwangalia kwa jicho la kumwambia kwamba chakula cha jioni atajipikia. Halafu nikamgeukia Bwana Ramani nikamuuliza wazi: mtu wa biashara anatoa ardhi bure, yeye anapata nini? Nilitarajia ahubiri juu ya moyo wake mwema. Badala yake alitabasamu akasema nyumba inayotazama miti inauzika haraka kuliko nyumba inayotazama ukuta. Lilikuwa jibu la kweli, na jibu la kweli lilinipunguzia ukali.

Koko alikuwa amekaa muda wote huo kwenye benchi la mwisho na shuka yake nyekundu. Mwenyekiti akamwomba aseme neno, kwa kuwa ardhi ilikuwa bado yake.

"Vijana yangu wanataka kuuza," akasema. "Mimi sitaki kugombana na watoto. Lakini mzee yangu analala hapo. Nikienda Mashuuru, nani atakaa na yeye? Kama hapo juu inabaki nyasi, ndama yangu kidogo inakula, mimi nabaki. Kama inakuwa nyumba, mimi natoka."

Akaketi. Hakuna aliyekagua viatu safari hii. Nilikuwa nimeingia mle ndani nikidhani tunagombea mahali pa watoto kupiga mpira, na sasa nikaelewa kwamba upande wa juu wa uwanja ukienda, Koko naye ameenda. Roho iliniuma. Nikasimama tena na kukubali, kwa sharti moja: ua na geti vya uwanja wa umma vije kwanza, kabla ya jiwe la kwanza la msingi upande wa chini. Bwana Ramani akakubali bila kusita. Mwenyekiti akasoma mapatano kwa sauti yake ya stesheni. Baada ya mvua ndefu, maofisa wa kaunsili watakuja kuukagua. Wakiukuta uko wazi na unatumiwa na umma, wataupokea. Wakikuta watu binafsi wameukalia au wanautumia kwa mambo yao, hawataupokea, na utabaki kwa mwenye hati, yaani Bwana Ramani.

Sote tulisikia. Sote tulipiga makofi. Ndama wa Koko tulikubaliana kuwa sehemu ya umma, tena sehemu yenye adabu kuliko wengine. Hakuna hata mmoja aliyewaza mahindi.

Bwana Ramani alitimiza neno. Ua ukaja, na geti la chuma lililopakwa rangi ya kijani, kijani ileile ya kwenye ramani. Kwa sababu ya ukame wana wa Koko waliwapeleka ng'ombe wote Mashuuru, ndama na mama zao, na Koko akaenda nao kwa muda kuona makao mapya. Uwanja ukabaki mtupu, umezungushiwa ua, hauna mnyama wala nyasi. Halafu mvua ikanyesha.

Sijui kama msomaji amewahi kuishi na mama wa Kiluhya wakati wa mvua ya kwanza. Hawezi kukaa. Mama mkwe alizunguka nyumba kama mtu aliyepoteza kitu. Alikwisha kupanda sukuma wiki mlangoni, maboga nyuma ya choo, na kunde kwenye mtungi uliovunjika. Jioni moja nilirudi kutoka shuleni nikamkuta anaosha jembe, uso umetulia kabisa.

"Nimeweka kimstari kidogo tu pale ndani ya ua," akasema. "Pembeni. Hata hakionekani."

Kesho yake kilikuwa mistari mitano. Kesho kutwa jirani wa kushoto, naye mtu wa kwetu, alichukua kipande kando yake. Kufikia Jumamosi akina mama na baadhi ya waume zao walikuwa humo ndani wakivuta kamba na kupigilia vijiti vya mipaka, na tayari watu wawili hawakusalimiana kwa sababu ya upana wa mtaro. Mwenyekiti mwenyewe alipanda maharagwe. Aliyapanda sambamba kama reli.

Siku chache baadaye Bwana Ramani alipita akaona. Tulitega masikio kusikia atasema nini. Alisema ni vizuri sana, kwamba watu wenye bidii ndio wanaojenga nchi, na wiki ileile akaleta trekta ikalima sehemu yote iliyobaki. Alishangiliwa. Akina mama walimwombea. Mume wangu mpaka leo anasema yule mtu alikuwa na roho nzuri tu. Mimi mpaka leo nasema alikuwa akitupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na kwamba alijua mapatano kuliko sisi. Tumeibishania trekta ile miaka yote hii, na sasa tunaibishania kwa raha, kama watu wengine wanavyocheza bao.

Mwaka huo mvua haikutudanganya. Mahindi yalitoka kwa ule udongo mweusi kama yaliyoitwa kwa jina. Nilikuwa nikipita katikati yake jioni, nikiwa bado na chaki kwenye vidole, na harufu ile ya majani mabichi ilinirudisha utotoni kwetu. Sitaki kujifanya. Nilikuwa na furaha. Watoto walipigia mpira barabarani, na hatukusikia wakilalamika, au tulisikia tukawaambia waende wakachunge mahindi dhidi ya ndege.

Koko akarudi. Alirudi na ng'ombe mmoja wa maziwa na ndama wachache ambao wanawe walimwachia, akasimama kwenye geti la kijani akatazama. Nilimwona kutoka dirishani nikakimbia nje, ingawa sikujua nitamwambia nini. Alikuwa ameshika mdomo kwa mkono. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Mwalimu," akasema, "mimi natoka kidogo tu, nyinyi mnapika ugali huku?"

Nikamwambia ni kwa msimu mmoja tu, yakivunwa tutamrudishia nyasi. Akasema sawa. Lakini ndama hawakuambiwa. Kila asubuhi walikwenda mahali walipozoea, wakakuta ua, na wakasimama pale pua zikiwa ndani ya waya, wakilia. Mama mkwe alikuwa amejipa kazi ya ulinzi. Aliketi ndani ya ua kwenye kigoda, fimbo magotini, akiwatazama ndama machoni.

Hivyo ndivyo wale wazee wawili walivyojuana. Koko alifika upande wake wa ua na kusema, "Takwenya!" kama wanawake wa kwao wanavyosalimiwa, na mama mkwe, ambaye nilimfundisha jibu mwenyewe, alijibu, "Iko!" bila kuachilia fimbo. Kisha walibishana kwa Kiswahili ambacho wote wawili walikivunja bila huruma.

"Hiyo majani yako inafanya ndama yangu inalia."

"Mpeleke akule kwingine. Hapa ni chakula ya watu."

"Ndama si watu?"

"Ndama ni ndama!"

Halafu walicheka, na Koko akapitisha kibuyu cha maziwa juu ya waya, na mama mkwe akampa maboga. Kesho yake walirudia ugomvi uleule. Nilikuja kugundua kwamba mama mkwe alikuwa akimngojea. Koko akichelewa, alisimama kwenye kigoda kuchungulia.

Mahindi yalikuwa yametoa ndevu, bado kidogo tu yafae kuchoma, ndipo mwenyekiti alipokawia kutoka kanisani Jumapili moja akatuomba tubaki. Alikuwa amepokea habari kwamba maofisa wa kaunsili watakuja wiki hiyohiyo kuukagua uwanja wa umma. Aliyasema hayo kwa fahari, akatabasamu, na kisha nikaona tabasamu likimwondoka usoni polepole. Alikuwa ameyakumbuka maharagwe yake.

Ilikuwa kama mtu ametupa nyuki ndani ya kanisa. Uwanja unaotumiwa na umma! Tulikuwa tumeukata vipande kama keki ya harusi, kila kipande na mwenyewe, vijiti vya mipaka vimesimama. Mmoja akasema tuwaombe maofisa waje mwezi ujao. Mwenyekiti akasema walipompa habari aliwaomba wabadilishe siku kwa ajili ya msiba wa jirani, na walikataa. Wasipoupokea sasa, faili inafungwa. Mwingine akasema tuwaambie mahindi ni ya shule, na wote wakanigeukia mimi. Niliwaambia sitadanganya mbele ya watoto ninaowachapa kwa kudanganya. Mwingine akasema wacha tu, tuvune, kwani uwanja ni nini? Hilo ndilo lililoniogopesha, kwa sababu vichwa kadhaa viliitikia.

Hakuna aliyetamka neno kung'oa. Kwa watu wa kwetu, kung'oa mahindi yaliyokwisha kutoa ndevu ni jambo la kichaa au la adui. Mimi mwenyewe nililifikiria, nikaliacha. Nilimtazama Koko kwenye benchi lake la nyuma. Alikuwa ametulia, mikono juu ya fimbo, kama mtu anayengojea gari ambalo anajua limekwisha kupita.

Tulipofika nyumbani mama mkwe hakula. Alitoka, na kutoka dirishani nikamwona ameketi na Koko kwenye kaburi la mzee, au tuseme kando yake, wanaongea vichwa vikiwa karibu. Fimbo yake aliiacha mlangoni kwetu.

Asubuhi ilipopambazuka vizuri nilisikia kelele nikatoka na kanga ya kulalia. Koko alikuwa amefika na ndama wake, na wa jamaa zake wa upande wa Isinya pia, kundi zuri la ndama wenye mbavu za njaa. Mama mkwe alikuwa amesimama ndani ya ua, mkono kwenye komeo la geti la kijani.

"Ngoja," Koko alikuwa akimwambia. "Umande ikauke kwanza. Ikikula majani na maji, tumbo inafura."

Basi wakangoja, wote wawili, na mtaa mzima ukaamka na kuja kungoja nao bila kujua wanangoja nini. Mwenyekiti alikuja na soksi moja. Jua likapanda, majani yakakauka, Koko akaitikia kwa kichwa. Na mama mkwe wangu, mwanamke aliyewahi kumfukuza fahali wa chifu kutoka shamba lake kwa ubao wa kufulia, akafungua geti kwa mkono wake. Akatangulia hadi kwenye mistari yake mwenyewe, ile mitano ya kwanza, akavunja bua moja lililobeba vizuri kuliko yote, akamnyoshea ndama wa kwanza.

"Kula," akamwambia. "Kula haraka kabla sijabadilisha roho."

Machozi yalikuwa yanamtiririka na anacheka. Mimi nililia bila kucheka. Ndama wakaingia. Walipofika kwenye kijiti cha mpaka, mama mkwe akaking'oa, akamtazama jirani wa kushoto, akamngoja. Jirani akapumua kwa nguvu, akang'oa kijiti chake. Baada ya hapo vijiti viling'oka kimoja baada ya kingine, na wasioweza kuangalia ndama wakila waliingia na panga, wakakata wenyewe, wakarundika. Koko aliwaruhusu ndama wale kidogo kisha akawatoa, akawarudisha kesho, kwa sababu ndama mwenye pupa hufa. Mwenyekiti alivuna maharagwe yake mabichi kwenye sufuria akatuonya tusimuongeleshe.

Maofisa walipokuja walikuta uwanja umejaa mashina, ndama wanamalizia mabua, na darasa langu zima linacheza mpira wakirukaruka kati ya matuta. Nilikuwa nimewaleta kwa somo la michezo. Bwana Ramani alikuwepo na shati lake. Mmoja wa maofisa aliuliza yale mashina ni ya nini.

"Ni chakula ya ndama," Koko akajibu. "Hapa ni olokeri."

Ofisa akamuuliza ndama ni wa nani. Koko akaonyesha kwa fimbo: huyu wangu, yule wa Isinya, yule sijui. Akauliza watoto je. Akamjibu vilevile. Ofisa akacheka, akazunguka ua hatua kwa hatua, akatia sahihi pale juu ya boneti ya gari. Bwana Ramani alitupa sote mkono wa pongezi, na mimi nilimkazia macho kutafuta kama amesikitika. Mume wangu anasema alifurahi kwa dhati. Hatutaelewana.

Nyumba za upande wa chini zikajengwa, tena zikapanda juu kuliko kwenye ramani, na jioni zinatuzibia jua. Nilipigania hilo pia, na nikashindwa. Mtu akiniuliza kama ile ni njia nzuri ya kupata uwanja wa umma, huwa namwambia inategemea kama ana mtu wa kufungua geti. Upande wa juu umebaki nyasi, watoto wanapiga mpira, na Koko hakuondoka.

Mvua zilizofuata, Koko alileta mlangoni kwetu ndama jike, mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Akamkabidhi mama mkwe kamba. Kwa Wamaasai, mtu akikupa mnyama, jina lako na lake hubadilika: mnaitana kwa zawadi hiyo mpaka mwisho. Kwa ndama, ni Paashe. Tangu siku hiyo sikuwahi kumsikia Koko akimwita mama mkwe kitu kingine, wala mama mkwe akimwita Koko kitu kingine. "Paashe!" ingetoka kwenye geti asubuhi, na "Paashe!" ingejibu kutoka jikoni kwangu, na ugomvi ungeanza.

Mtoto wetu alipoanza shule, mama mkwe alirudi nyumbani magharibi, kwenye shamba lake. Ndama, ambaye sasa alikuwa ng'ombe, alimwacha kwa mwenzake. Simu za mkononi zilipofika kijijini kwao, tukamnunulia. Hupiga Jumapili, anapiga kelele kana kwamba anataka tumsikie bila simu. Hanisalimii kwanza, wala haulizi habari za mwanawe.

"Uwanja uko?"

"Uko, Mama."

"Paashe yuko?"

"Yuko, anakusalimia. Anauliza utakuja lini mgombane."

"Nakuja. Na pale mmepanda nini?"

"Nyasi tu, Mama."

Hapo ninasikia kuku wake nyuma.

"Nyasi tu," husema, na ninajua anatabasamu. "Na udongo mzuri hivyo."